Sauti Si Sukari

"Sijafa," alisema Mwanapili, na hiyo ilikuwa mara ya nne. "Mzee Gude, maiti haikohoi. Tangu asubuhi unanisikia nakohoa hapa."

"Nimesikia kikohozi," alijibu Mzee Gude, mikono kailaza juu ya meza kama sahani mbili. "Cha nani, sijui."

"Changu."

"Mama, usinipandishie sauti. Mimi mtumishi tu."

"Sasa kama nimekufa, sauti nakupandishia na nini?"

Kwenye benchi la ukutani watu wawili wakacheka, halafu wakakumbuka walipo. Hao nao walikuwa wanasubiri zamu yao ya kuambiwa wamekufa, kwa hiyo kicheko hakikufika mbali.

Hamduni alikuwa kasimama karibu na mlango, mdomo wazi, hajui mikono aiweke wapi. Alishaona watu wakigombana ofisini. Wanagombania cheti, mpaka wa shamba, nani katangulia kwenye foleni. Lakini mtu kugombania kwamba yeye ni mzima, na afisa anamkatalia kwa adabu kabisa, hilo lilikuwa jipya, na hakujua acheke au akimbie.

Pembeni ya meza alikaa bwana mmoja mnene, msafi, anaitwa Kapeta. Huyu alikuwa Mzoaji, na alishajifunga kitambaa cheupe kifuani, kile cha kulia chakula.

"Mama, mimi sina haraka," Kapeta akasema kwa upole. "Maliza tu mazungumzo yako."

Sasa hebu turudi nyuma kidogo, maana ukiingia hapa katikati huwezi kuelewa kwa nini mtu mnene mwenye kitambaa anatisha namna hiyo.

Nchi yenyewe inaitwa Fuvuni. Hamduni alifikaje huko, tusiulizane. Yeye anakumbuka tu kwamba ilikuwa mchana, yuko wodini anamuuguza mgonjwa wake, usingizi ukampitia, kuja kufungua macho yuko getini. Na huyu ni kijana ambaye tangu amalize kidato cha nne hakuna kiti kilichowahi kumkalisha nusu saa. Leo yuko Korogwe, kesho Segera, keshokutwa karudi, ukimuuliza unatafuta nini anasema anaangalia. Fuvuni aliangalia mpaka akachoka.

Mbingu ya Fuvuni ni mfupa. Ni mweupe, umefunika kila upande, na hakuna mwenyeji aliyewahi kuuvuka. Wanaamini kwamba wote wamo ndani ya mtu fulani, wanamwita Mwenye Kichwa, ila hakuna aliyemwona. Wanachokijua kuhusu yeye wanakijua kwa kamba. Kila Mvutakamba anazaliwa na kamba yake moja, ndefu ajabu, inashukia shingoni na kwenda mbali huko. Ya huyu inaishia kwenye kope, ya yule kwenye kisigino, ya mwingine kwenye ncha ya ulimi. Ikivutwa kule, huku anapata habari. Akivuta huku, kule kunasogea. Na Wavutakamba hawaongezeki. Akiondoka mmoja, hakuna wa kumrithi. Kope ikianguka imeanguka.

Ungedhani watu wa namna hiyo wanalindwa kama mboni ya jicho.

Shingoni kila mtu ana kola ya sukari. Wala si pambo. Inamwota yenyewe, vitawi vitawi, vigumu kama gubiti, na kwenye ncha ya kila kitawi kuna kifuniko kidogo kichachu kinachoteleza kama sabuni iliyolowa. Chini ya kifuniko kuna sukari tupu, na sukari tupu inanata. Sheria ya kwanza ya Fuvuni, iliyoandikwa kabla ya nyingine zote, ni hiyo tu: anayeteleza ni mzima, anayenata amekufa.

Wanaoamua, kama huyu Mzee Gude, wanaitwa Wapapasi. Siku ya kuapa wanafungwa kitambaa cheusi machoni, na hawakifungui tena maisha yao yote. Sura hawaitazami, jina hawaulizi. Wanapapasa kola, basi. Wakishamtaja mtu, wanakuja Wazoaji, nao macho yamefungwa, kumwondoa. Hamduni aliuliza jaa lao liko wapi. Akaambiwa Wazoaji hawana jaa. Wanameza.

"Wanameza nini?"

"Mwanangu, wewe kile kitambaa cha kifuani unadhani cha nini?"

"Mtu mzima? Anaongea?"

"Huwa anaacha kuongea."

Aliyemwambia hayo alikuwa Mwanapili mwenyewe, na ndiye mtu pekee Fuvuni aliyemchukulia Hamduni kuwa mtu. Maana jana yake, pale getini, Mpapasi wa zamu alimpitishia mkono shingoni akakuta ngozi tupu. Hapakuwa na cha kuteleza wala cha kunata. "Hapa hakuna mtu," akatangaza, akaenda kwa wa nyuma. Hamduni akasema shikamoo. Akasema samahani mzee. Akagonga meza. "Leo upepo mwingi," Mpapasi akasema. Wenyeji wengine, wenye macho yao wazi kabisa, walimwona, ila mtu akishatangazwa hayupo, nani atamwitikia? Nusu siku kijana wa watu alizunguka anaomba maji, anagongwa mabega na kupitwa.

Mwanapili ndiye aliyemkuta kwenye kona anatukana peke yake. Mama wa makamo, mfupi, kamba begani. "Usipoteze matusi, mwanangu," akamwambia. "Ngoja nikutafutie kola." Akaenda kwenye sanduku la getini, akamchukulia ile kola kuukuu ya wageni, ina vifuniko ishirini na kitu, akamfunga shingoni. Mpapasi yuleyule akapita tena, akapapasa, uso ukamlainika. "Karibu ndugu yetu, mzaliwa wetu." Akaletewa kiti. Akaletewa mchuzi. Akaulizwa maoni yake kuhusu kengele ya mchana, kama iongezwe. Hamduni aliunywa mchuzi, lakini kengele hakuitolea maoni.

Haya, na kosa la Mwanapili ni nini? Hana. Siku tano nyuma aliingia Fuvuni mgeni mmoja, mdudu hasa, kajipamba vifuniko mpaka kwapani. Wapapasi walipanga mstari kumpa mkono. Hawakuwahi kupapasa mtu anayeteleza vile. Wavutakamba walipiga kelele kwamba huyo si mwenzetu, tunamwona, ana miguu sita. Wakaambiwa mikono haijasema hivyo. Kufika adhuhuri keshazaa, jioni watoto wake wamezaa, wote na vifuniko vyao tangu tumboni, wamekaa kwenye kuta za nchi wanazitafuna. Joto likapanda mpaka mfupa wa juu ukawa unatoa jasho. Mwisho, juzi, ikaja mvua ya maji machungu kutoka nje, siku nzima, wale wadudu wakafa wote.

Wakazikwa kwa heshima. Hamduni aliyaona makaburi. Yamepangwa vizuri, yana maua.

Ila lile joto na ile mvua viliyeyusha vifuniko vya mtaa mzima wa Mwanapili. Ni kitu cha kuota tena baada ya siku mbili, tatu. Sheria haina siku mbili, tatu. Asubuhi hiyo Wapapasi walipita nyumba kwa nyumba, na mpaka saa nne Kapeta na wenzake walishawameza watu kumi na mmoja. Mmoja aliingia mdomoni huku anamwelekeza mkewe sufuria iko wapi. Hamduni alikuwepo. Tangu hapo masikio yake yalikuwa yanavuma.

Basi ndivyo walivyofika pale ofisini, Mwanapili kakata rufaa na Hamduni kamsindikiza.

"Mzee wangu, shikamoo," Hamduni akaanza, akasogea mezani.

Mzee Gude alinyoosha vidole vitatu, akamgusa kola upande wa kushoto, kama ilivyo kawaida yake, maana anatumia mkono wa kulia, wa kushoto ulishamzeekea. Vidole vikateleza. "Marahaba, mzaliwa wetu. Sema."

"Mimi si mzaliwa wenu. Mimi nimekuja jana. Na hii kola si yangu, nimeazimwa na huyu mama mnayesema amekufa."

"Unyenyekevu mzuri sana," akasema Mzee Gude.

"Si unyenyekevu. Nakwambia ukweli. Hebu fungua kitambaa, mzee, mara moja tu, umwangalie. Yupo hapa, kasimama, kavaa khanga, ana hasira."

Pale watu wa benchi waliangaliana. Hata Kapeta aliacha kujipigapiga tumbo.

"Kijana," Mzee Gude akasema polepole, "na mimi nilikuwa na umri wako. Niliuliza swali hilohilo. Nikaambiwa kwamba zamani Wapapasi walikuwa na macho. Maiti ikiletwa, Mpapasi anaiangalia, anasema huyu jirani yangu, jamani, mwacheni kidogo, pengine kalala. Na huyu shemeji yangu. Na huyu alikuwa mzuri wa sura. Wafu wakalundikana. Mtaa ukaoza, uozo ukawaua wazima waliokuwa pembeni yao, na wao wakifa wakaachwa vilevile kwa huruma. Nusu ya nchi ilikwenda hivyo. Sisi ndio tulioifanya Fuvuni iwe mahali pa mtu kuishi. Hii mikono unayoiona haina shemeji."

Hamduni aliona kwamba mzee hakuwa anasema uongo. Hilo ndilo lililomtisha zaidi. Alikuja amejiandaa kukutana na mtu mbaya.

"Na wazima je?" akasema mwisho.

"Wazima wana vifuniko."

"Na yule wa miguu sita?"

"Alikuwa navyo vingi," Mzee Gude akakubali. "Ulikuwa msiba mkubwa."

Mwanapili akapiga meza kofi. "Nataka shahidi. Sheria inaniruhusu. Niitieni Zongo."

Bi Zongo aliitwa. Huyu alikuwa Mkumbatiaji. Kazi ya Wakumbatiaji ni kuizungushia kamba mwili wao wote, waikumbatie mwanzo mwisho, ili habari isivuje njiani. Nao macho yamefungwa, na wanajua pa kushika kwa vifuniko vilevile. Hamduni alimkumbuka. Jana alimkuta kaikanyaga kamba ya jirani iliyokatika, ncha yake inajitahidi kuchipua, yeye anaiambia tulia, ukiota utapotea njia, utatuchanganyia mtaa. Alisema ni kwa usalama wa wote. Ila kamba ya Mwanapili aliikumbatia miaka arobaini bila kuiachia, na watu walikuwa wanasema hao wawili ukimchubua mmoja anatoka damu mwingine.

"Zongo," Mwanapili akasema, na hapo sauti ikamlegea. "Ni mimi. Waambie."

Bi Zongo alinyoosha mikono. Akagusa kola, akairudisha haraka, akajifuta kwenye nguo. Akagusa tena.

"Unanata," akasema.

"Ni joto la juzi, shoga yangu. Ulikuwepo. Tulikuwa tunalia wote."

"Nilikuwa na Mwanapili."

"Ndiye mimi. Nani mwingine anajua ulivyoanguka mtaroni siku ya kengele mpya? Nani alikucheka mpaka akajikojolea?"

Bi Zongo aligeuza kichwa kuelekea sauti. Kidevu kilikuwa kinamcheza. Kila mtu mle ndani aliyekuwa na macho aliona kwamba mama yule anajua.

"Sauti ni yake," akasema mwishowe kwa Mzee Gude. "Maneno ni yake. Lakini sauti si sukari. Mimi nitashika wapi?" Akarudi nyuma hatua mbili, akaanza kulia, analilia kifo cha rafiki yake aliyekuwa kasimama mbele yake anamwangalia.

Hamduni alisogea karibu na Mwanapili.

"Imekwisha," akasema Mzee Gude, na hakusema kwa furaha. "Taarifa ya mwisho, halafu bwana Kapeta."

Taarifa ya mwisho ni desturi yao. Anayekwenda kuzolewa lazima aseme kamba yake iliishia wapi na ilikuwa ikileta habari gani, ili karani, aliyefungwa macho kama wenzake, aifute kwenye orodha na nchi isiisubiri tena. Kapeta alivuta kiti karibu kidogo. Mwanapili alijifunga khanga vizuri, akaizungusha kamba mkononi, akaanza kusema kama mtu anayesoma barua ya mtu mwingine.

"Kamba yangu ni ya kidole gumba, mkono wa kulia. Mwenye Kichwa ni mshonaji. Hicho kidole kimenisomea vitambaa vyote, khaki ya shule, satini ya harusi, sanda. Kinajua chaki. Kinajua jicho la mkasi. Kina vitundu vya sindano, kwa sababu Mwenye Kichwa hapendi kuvaa kastabini ya kukinga kidole, anasema inamzuia kusikia kitambaa."

Hamduni aliinua kichwa.

"Jioni kazi ikiisha," Mwanapili akaendelea, "kuna kijana kalala kwenye mkeka karibu na cherehani. Nyuma ya sikio lake la kushoto kuna kovu limevimba, dogo, kama punje ya wali. Aliangukia pedeli ya cherehani akiwa na miaka sita. Kidole huwa kinakwenda pale, kinalisugua mara moja, kinasimama, kinalisugua tena. Kijana anajifanya kalala. Kidole kinajua hajalala. Hiyo habari nimeileta kila siku, na sijaichoka. Ni hayo tu."

Mkono wa Hamduni ulikuwa umeshafika nyuma ya sikio. Haukumwomba ruhusa. Punje ilikuwepo palepale.

Mama mdogo Zalika hakuwahi kuvaa kastabini. Walimnunulia mbili. Moja anawekea vifungo, nyingine haijulikani kaitupa wapi. Na yeye ndiye aliyemlea, na yeye ndiye aliyelazwa siku ya nne leo na homa ya kichwa, na maji ya dawa yanamwingia mshipani tone kwa tone. Hamduni alitazama juu, ule mfupa mweupe, kila upande. Alikaa chini sakafuni kando ya Mwanapili kama mzigo ulioshushwa.

"Mama," akanong'ona. "Hicho kidole sasa hivi kiko wapi?"

"Kimelala juu ya shuka. Pembeni yake kuna kichwa cha mtu, kama kasinzia. Nataka nikisogeze pale, siwezi. Zongo kaniachia, nikivuta nguvu inavuja yote njiani."

"Hicho kichwa ni changu."

Mwanapili akachuchumaa kando yake, akamwangalia. Akaangalia mkono wake ulipo, nyuma ya sikio. Akajiziba mdomo na khanga.

"Mnanong'ona nini?" akauliza Kapeta.

"Tunaagana," akasema Hamduni.

"Aganeni tu. Nyama haiozi kwa dakika tano," akasema Kapeta, halafu akaona aibu. "Samahani. Ni lugha ya kazini."

Hamduni alishaanza kazi. Ukucha kwenye kitawi, kifuniko kikaachia kwa mlio mdogo kama ganda la ubuyu. Akakilamba, akakibandika kwenye kola ya Mwanapili, upande wa kushoto, pale vidole vitatu vya Mzee Gude vinapotua siku zote. Kikashika. Akabandua cha pili. Hakuna Mpapasi aliyeona, kwa sababu wameapa kutoona.

"Acha," Mwanapili akanong'ona, anamshika kiganja. "Utabaki unanata wewe. Watakumeza."

"Geuza shingo, mama."

"Hamduni."

"Geuza shingo. Bi Zongo huwa anashika wapi?"

Akamwonyesha, nyuma, karibu na mgongo. Akabandika vinne pale. Viganja vilikuwa vimelowa jasho, vifuniko vinamponyoka, kimoja kikabingirika chini ya meza na akakifuata kwa magoti. Wale wawili wa benchi walikuwa wameinama wanaangalia, hawapumui. Vilivyobaki Hamduni akavikusanya kiganjani, akavitia kwenye mkono wa mwanamume wa kwanza wa benchi. "Kushoto," akamwambia sikioni. "Kwa mate. Mpe na mwenzio." Mwanamume yule alikuwa analia na kutoa ulimi kwa wakati mmoja.

"Mzee Gude," Mwanapili akasimama, akasema kwa sauti. "Nipapase tena kabla sijaenda. Mara ya mwisho."

"Haina faida, mama."

"Ina gharama gani?"

Mzee Gude akanyoosha vidole vitatu. Vikagusa, vikateleza. Akasimamisha mkono hewani. Akagusa tena, taratibu, na Hamduni aliona uso wa mzee unavyojikunja chini ya kitambaa, kama mtu anayesikia jina lake likiitwa kutoka chumba kisicho na mtu.

"Huyu ni mzima," akasema.

"Asubuhi ulisema kafa," akasema Kapeta.

"Asubuhi alikuwa amekufa. Sasa hivi ni mzima. Sheria haioni ugomvi hapo. Andika, karani."

Bi Zongo alishafika. Alipapasa nyuma ya shingo, akapata, akapiga yowe dogo la furaha, akaanza kuizungushia kamba mikono, kifua, mwili mzima. "Mwanapili, ulikuwa wapi? Nimekulilia. Hapa palikuwa na mtu kajifanya ndiye wewe, anajua mpaka habari za mtaroni."

Mwanapili alimwacha amkumbatie, na macho yake yalikuwa yanaangalia ukuta.

Kapeta alinyanyuka. Hakuwa na hasira, alikuwa na kitambaa kifuani na saa sita imefika. Akaanza kupapasa hewani, akaja mpaka kwa Hamduni, vidole vikaingia kwenye kola. Vikanata.

"Mzee," akasema, "hapa kuna maiti nyingine."

"Huyo ni yule kijana mnyenyekevu," akasema Mzee Gude kwa huzuni. "Alipokuja alikuwa anateleza vizuri sana. Kweli hakuna aijuaye saa yake."

Mdomo wa Kapeta ulikuwa umeshaanza kufunguka, na ulikuwa unafunguka kupita kiasi, kama mlango wa ghala. Hamduni aliona mle ndani giza na unyevu. Akaishika kola kwa mikono miwili, akaivunja, akaitumbukiza yote mle.

Kapeta akatafuna. Ilisikika kama mtu anakula kashata. Akapitisha mkono pale shingoni, akakuta ngozi. Akapitisha tena. Ngozi haikumwambia kitu.

"Tayari," akasema, akajifuta mdomo. "Alikuwa mdogo kuliko nilivyodhani."

"Andika," akasema Mzee Gude. "Mgeni mmoja. Amezolewa. Mungu amlaze pema. Anayefuata, wa benchi."

Hamduni alisimama katikati ya ofisi anasikiliza kifo chake kinavyoandikwa kwa mwandiko mzuri. Alitaka kupiga kelele. Alifungua mdomo kabisa, halafu akakumbuka getini, akaufunga. Mwanamume wa benchi alisogea mezani, shingo kaigeuzia upande wa kushoto. Vidole vitatu vikateleza. "Huyu naye mzima," akasema Mzee Gude, anashangaa. "Leo siku ya ajabu."

"Nenda," Mwanapili akasema kwa sauti ya chini, anaangalia pale alipo Hamduni. "Huku wewe hupo tena. Nenda kule ulipo."

"Unaongea na nani, shoga?" akauliza Bi Zongo.

"Na upepo."

Akaizungusha kamba mkononi mara mbili, akakita mguu mmoja ukutani kama mtu anayevuta ndoo kisimani, akavuta.

Hamduni alikuwa keshashika kitasa. Nyuma ya sikio la kushoto kikamgusa kitu kikavu, kina vitundu vitundu, dhaifu kuliko siku zote. Kilisugua mara moja. Kikasimama. Yeye naye hakugeuka, alijifanya kalala. Kikasugua tena.

Akatoka, akaufunga mlango polepole, kama unavyofunga mlango wa wodi.